Chukua Gombo Lingine

Ujumbe uliotolewa katika ibada ya pamoja ya ushirika wetu, Namanga. Somo: Yeremia 36.

Uwe wa upande wa Kenya au wa upande wa Tanzania, uwe ulikuja kwa basi au ulivuka kwa miguu na mtoto mgongoni, nakusalimu katika jina la Bwana. Waandaaji wa jarida hili wameniomba niliandike lile neno nililosema kwenye ibada, kwa sababu wengine walikuwa jikoni na wengine walikuwa bado foleni ya kugonga muhuri. Basi soma kana kwamba tumekaa pamoja. Na ukifika mahali panapochoma, usilifunge jarida. Mimi mwenyewe pamenichoma kwanza.

Fungua Yeremia 36. Nitakusimulia kwa maneno yangu, wewe utaisoma mwenyewe ukifika nyumbani.

Yeremia amezuiwa kuingia nyumba ya Bwana. Angalia hapo kwanza: nabii wa kweli, mwenye neno la kweli, amefungiwa mlango. Anafanya nini? Anamwita Baruku mwandishi, anamsomea maneno, Baruku anaandika kwa wino, mstari kwa mstari. Gombo likasomwa hekaluni, likasomwa mbele ya wakuu, mwisho likafika kwa mfalme Yehoyakimu. Ulikuwa msimu wa baridi, mfalme amekaa karibu na moto. Msomaji akimaliza kurasa tatu nne, mfalme anachukua kijisu, anakata, anatupa motoni. Tatu nne tena, anakata, anatupa. Mpaka gombo lote likaisha.

Mstari wa 24 unasema waliokuwepo hawakuogopa. Hawakurarua nguo zao. Walikaa tu wakiota moto. Ila mstari wa 25 unataja watu watatu, Elnathani, Delaya na Gemaria, waliomsihi mfalme asilichome. Hakuwasikia, lakini walisema, na Biblia imeyaandika majina yao.

Halafu Mungu anamwambia Yeremia nini? Hamwambii, pole, basi tena. Anamwambia achukue gombo lingine aandike upya. Na mstari wa mwisho wa sura hiyo unatuambia kwamba gombo la pili lilikuwa na maneno mengi kuliko la kwanza.

Haleluya? Sasa ngoja nikuambie kwa nini sura hii imenitoa machozi.

Daftari la kijani

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa nililokuwa nikihudumu, tulikuwa na dada mmoja mwandishi. Simtaji jina. Ameniruhusu niseme habari hii, ila jina alisema nilihifadhi. Alikuwa akiandika maigizo ya Krismasi na Pasaka. Sio yale ya kukariri mistari halafu watu wanasinzia, hapana! Vijana wakiigiza, hata wenye maduka ya jirani walikuwa wanakuja kusimama dirishani. Wapo waliookoka kwa sababu ya mchezo wake, na mimi niliandika majina yao kwenye ripoti kama matunda ya mahubiri yangu. Mungu anisamehe.

Ndoa ya huyu dada ikavunjika. Alikuwa anapigwa. Sisi tulikuwa tunajua anapigwa, maana mtu hawezi kuanguka bafuni kila mwezi. Siku moja akachukua watoto, akaenda kwa mama yake, na hakurudi.

Tukakaa kikao cha wazee, mimi ni katibu. Tukasema, huyu hawezi kuendelea kuandikia vijana, atawafundisha nini? Nikatumwa mimi nimpelekee taarifa. Nikamwambia kwa upole, kwa sauti ile yetu ya kichungaji, "Dada, kalamu ipumzike kwanza. Itengeneze nyumba yako, halafu tutaona." Akanipa daftari lake la maigizo, lile kubwa lenye jalada la kijani, kwa sababu nilimwambia ni mali ya kanisa. Hakubishana. Alinipa kwa mikono miwili.

Nikaliweka kabatini. Baadaye tukahamisha ofisi, vijana wakasafisha, makaratasi ya zamani yakachomwa nyuma ya choo. Daftari lilikuwemo humo.

Sikiliza, mpendwa. Mimi sikulichoma kwa hasira kama Yehoyakimu. Nililichoma kwa uzembe. Lakini majivu ni majivu.

Miaka ikapita. Nikakutana naye tena, sasa ni mwalimu wa chekechea. Nikajikaza, nikamwambia ukweli kuhusu daftari. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikatamani anitukane. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu kilichochakaa, akaniambia, "Mwinjilisti, soma hiki kwanza. Ukimaliza ndipo tutaongea."

Mwanamke wa Lagos

Kitabu kiliitwa Second-Class Citizen, maana yake mwananchi wa daraja la pili. Mwandishi ni Buchi Emecheta wa Nijeria. Mimi nina cheti tu cha chuo cha Biblia, si mtaalamu wa fasihi, na Kiingereza chake nilikisoma polepole, kamusi iko pembeni. Lakini nilikimaliza, na nikatafuta habari za mama huyu mpaka nikazipata.

Alizaliwa Lagos mwaka 1944. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, akafariki binti akiwa bado mdogo. Alipata nafasi ya kusomeshwa katika shule ya wasichana ya Wamethodisti. Ameeleza kwamba siku moja darasani alisema anataka kuwa mwandishi, na mwalimu akamtuma aende kanisani akaombe msamaha kwa kiburi hicho. Umeona? Hata kabla ya mume, kanisa lilikuwa limeshashika kijisu.

Akaolewa akiwa na miaka 16. Mwaka 1962 akamfuata mume London, mume ni mwanafunzi, yeye ndiye anayefanya kazi maktaba na kulisha nyumba. Watoto wakafuatana. Akaanza kuandika hadithi yake ya kwanza. Akaimaliza. Akampa mumewe aisome.

Mume akaichoma.

Katika kitabu nilichopewa, mhusika anaitwa Adah, lakini mama huyu hakuficha kwamba hayo ni maisha yake. Adah analiona lile andiko kama mtoto aliyemzaa kichwani, na mume amemuua. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Nililiona daftari la kijani. Nilimwona dada yule akinipa kwa mikono miwili.

Mwaka 1966 Emecheta akaondoka kwenye ndoa ile. Alikuwa na miaka 22. Watoto wanne mkononi, wa tano tumboni. Ugenini, kwenye baridi, katika nchi ambako wenye nyumba wengi hawakutaka mpangaji mweusi. Hana andiko, hana mume, hana mama wa kumkimbilia.

Sasa hapa ndipo nataka tukae, mpendwa, kwa sababu sisi wahubiri tuna haraka. Tunapenda kusema, alilia usiku, asubuhi akashangilia, Amina, tupitishe kikapu. Lakini kati ya majivu na gombo la pili kuna nini? Kuna kazi! Baruku hakuambiwa alale, malaika ataandika. Aliketi tena chini, akachovya kalamu tena, mkono ukamuuma tena.

Emecheta naye aliketi chini. Alikaa na watoto katika nyumba za halmashauri, pamoja na akina mama wengine wasio na waume, wengine wakiishi kwa msaada wa serikali. Akajiandikisha kusoma sosholojia Chuo Kikuu cha London. Akaandika habari za maisha yale ya nyumba za halmashauri, akazituma kwa wahariri, zikarudi. Akatuma tena. Mwishowe jarida la New Statesman likazikubali. Kutokana na hizo kikatoka kitabu chake cha kwanza, In the Ditch, yaani ndani ya mtaro, mwaka 1972. Mwaka huo huo akapata shahada yake. Mwaka 1974 kikafuata kile nilichopewa mimi, na amekitolea kwa watoto wake watano, akisema kwamba bila kelele zao kisingeandikwa. Akina mama mnaosema mtaandika nyumba ikitulia, mmesikia?

Na ile hadithi iliyochomwa? Aliiandika upya. Kichwa chake ni The Bride Price, mahari. Ilichapishwa mwaka 1976, miaka 10 baada ya kuondoka kwake. Leo mtu akienda kuitafuta ataikuta. Ule moto haukuiweza.

Kabla hajafariki London mwezi wa kwanza mwaka 2017, alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20, amepata shahada ya udaktari, na Uingereza imempa nishani ya heshima. Na lile gombo la pili likawa na maneno mengi kuliko la kwanza.

Simweki mbele yako kama mtume. Sijui habari zake na Mungu wake, na si kazi yangu kuzijua. Namweka mbele yako kama mfano wa Yeremia 36 ambao nimeusoma kwa macho yangu.

Mwinjilisti, unatetea talaka?

Baada ya ibada mzee mmoja alinivuta pembeni akaniuliza hivyo, na najua wewe pia unaweza kuuliza. Ngoja nijibu wazi.

Hapana. Ndoa na iheshimiwe na watu wote, Waebrania 13. Mimi ni mume, ninaipenda ndoa, nimefungisha ndoa na nitazidi kufungisha. Tunajua Malaki 2 inasema Mungu anachukia kuachana. Lakini soma mstari wa 16 mpaka mwisho, mzee wangu. Mstari huo huo unamkemea mtu mkatili. Sisi tumekuwa tunahubiri nusu ya kwanza kwa mke, na nusu ya pili hatumsomei mume.

Mtu wa nyumba yako anapopigwa, usimwambie aombe tu. Omba naye, halafu msindikize dawati la jinsia pale polisi. Pande zote mbili za mpaka lipo. Kuokoa uhai wa mtu si dhambi.

Na hata pale ndoa ilipovunjika kwa kosa, hata kama kosa ni la huyo aliyekaa mbele yako, ni nani alikuambia kwamba Mungu anachukua vipawa vyake na kuvirudisha stoo? Petro alimkana Bwana mara tatu, naye akapewa kondoo wa kuchunga. Kuna nidhamu ya kanisa, sikatai. Lakini nidhamu ina mwanzo na mwisho, na lengo lake ni kumrudisha mtu. Sisi hatukumrudisha yule dada. Tulimpa adhabu isiyo na tarehe ya mwisho, tukaiita busara.

Wewe uliyeshika majivu

Sasa nasema na wewe dada, na kaka pia wapo, uliyetoka kwenye ndoa ukabaki na sanduku la nguo na watoto. Labda wewe ni mwandishi kweli, una shairi, una igizo, una nyimbo za kwaya. Labda gombo lako ni cherehani, ni shule uliyoikatisha, ni duka lililokuwa kwa jina la mume. Nina mambo machache tu, mengine nimeyachukua kwa Emecheta, mengine kwa yule dada.

La kwanza, lia. Usikimbizwe. Anayekuambia "sahau, songa mbele" siku ya tatu hajawahi kuchomewa kitu.

La pili, anza na kidogo na uanze mahali ulipo. Emecheta aliandika kuhusu nyumba za halmashauri kwa sababu ndiko alikokuwa. Usingoje upate meza. Yule dada anaandika saa kumi alfajiri, kabla watoto hawajaamka kudai chai, kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Ukurasa mmoja. Kuna siku nusu ukurasa. Mwaka ukiisha ni daftari zima.

La tatu, tafuta riziki bila aibu. Yeye anafundisha chekechea, na jioni anauza maandazi. Kalamu haikatazwi na unga wa ngano.

La nne, usiandike ili kumkomoa aliyekuumiza. Andika ukweli, lakini omba kwanza hasira ipoe, maana watoto wako watasoma. Ukweli una nguvu ya kutosha peke yake.

La tano, na hili ni la kidunia kabisa, toa nakala! Peleka stationari, toa kopi mbili. Moja kaa nayo, moja mwachie mtu unayemwamini. Usimkabidhi mtu yeyote gombo lako la pekee, hata kama ni mwinjilisti.

Na sisi tulioota moto

Wapendwa viongozi wenzangu, wazee, akina mama wa maombi. Katika ile sebule ya mfalme kulikuwa na makundi matatu. Yupo aliyechoma. Wapo waliotazama. Wapo watatu waliosema, mfalme, usifanye hivyo. Ushirika wetu umevuka mpaka wa nchi mbili, na katika maadhimisho haya tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kuna mpaka mwingine hatujauvuka bado. Ni ule ulioko katikati ya kanisa letu, kati ya benchi la wenye ndoa na benchi la nyuma karibu na mlango, wanakokaa walioachwa. Huo hauna muhuri wala foleni, na watu wanaishia hapo miaka na miaka.

Nakuomba jambo moja. Kabla ya mwaka huu kwisha, mtafute mtu mmoja ambaye kanisa lako lilimwambia apumzishe kalamu, au apumzishe sauti, au apumzishe mikono. Wewe unamjua, jina lake limeshakuja kichwani unaposoma hapa. Usimwite ofisini. Nenda kwake, keti kwenye kigoda atakachokupa, umwombe msamaha bila kuweka neno "lakini". Halafu muulize, "Ulikuwa unaandika nini?"

Mimi nilikwenda. Nilirudisha kitabu chake, nikamwambia nimekimaliza, nikamwambia nimetubu. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia, akasema watoto wa jirani watacheka. Akaniletea chai. Akanionyesha daftari jipya, maigizo saba. Mawili ni yale ya zamani, ameyakumbuka karibu yote, na mengine matano ni mapya, ambayo anasema asingeweza kuyaandika wakati ule kwa sababu alikuwa hayajui anayoyajua sasa.

Nikamwuliza, kwa woga, kama siku moja vijana wetu wanaweza kuigiza mojawapo. Akafikiri. Akasema, "Mnaweza. Ila safari hii, mwinjilisti, daftari linabaki kwangu. Nyinyi mtachukua kopi."

Nikasema Amina. Nilikwenda stationari mwenyewe, nikalipia mwenyewe.

Mpendwa, kama umesoma mpaka hapa na moyo wako una majivu, weka mkono juu ya kifua chako tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyemwona Yeremia mlango ukiwa umefungwa, mwone na huyu. Kilichochomwa umekiona. Mkono wake umechoka, upe nguvu ya ukurasa mmoja tu kwa leo. Nasi tulioota moto, utusamehe, utufundishe kusema kabla kijisu hakijashuka. Kwa jina la Yesu, Amina.

Sasa inuka, mpendwa, ukachukue gombo lingine. Bwana akubariki.